Muulize Atalilia Nini

Nyinyi mnaoanza kazi ya kutengeneza kompyuta, tafuteni pa kukaa. Mimi nimeshakaa, kukaa ndicho kipaji changu cha pekee. Nilipomaliza kidato cha nne wenzangu walitaka kuwa marubani na mawakili, mimi nikaomba kazi ambayo haitaninyanyua kwenye kiti. Mungu akanisikia upesi kuliko maombi yangu mengine yote. Nikakaa miaka na miaka kwenye kibanda kimoja Ngara, kati ya muuza vioo vya simu na mshonaji wa sare za shule, halafu nikastaafu nikaja kukaa Kangemi. Safari yangu ndefu ni ya Krismasi, kwenda kwetu Machakos, na nikifika tu naanza kuulizia gari la kurudi. Ndara zangu zinanijua kuliko majirani wanavyonijua.

Kazi, lakini, haikustaafu. Laptop za watu bado zinanifuata kama kuku wanavyomfuata mwenye mtama. Ndiyo maana kwenye msumari wa jikoni kwangu, kando ya kichujio cha chai, kumetundikwa kiondo kidogo, na ndani ya kiondo mna diski ya nje moja, nyeusi, imefungwa uzi mwekundu. Hiyo ndiyo ninayotaka kuwafundisha leo. Ukiichomeka kwenye kompyuta iliyogoma kuwaka, inaiwashia kichwa cha kuazima. Ina vichwa vingi, unachagua kwenye menyu kinachokufaa: cha kupima, cha kunakili, cha kutafuta virusi, cha mashine kuukuu, cha mashine za juzi.

Ningewaeleza kwa nusu ukurasa mkaenda zenu. Ila siwezi kuieleza diski hii bila kuieleza ile laptop iliyoletwa kwangu imefungwa kwa leso kama mtoto mchanga.

Ilipigwa hodi asubuhi, shule zikiwa zimefungwa. Alikuwa Swabra, binti ya Fundi Salim, na leso kifuani. Pembeni yake Rukia, mwanawe, meno mawili ya mbele hayapo. Nyuma yao Fundi Salim mwenyewe, kofia yake ya vito kichwani, shingoni skafu. Fundi Salim, niliyekaa naye kibanda kimoja Ngara, ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua kuhusu kompyuta na nusu ya ninachokijua kuhusu watu. Alitoka pwani akiwa kijana, akaja Nairobi kutengeneza redio, redio zikamwacha, akahamia kompyuta. Siku hiyo hakupiga hodi kwa sababu hana sauti. Mwaka uliopita alifanyiwa upasuaji wa koo; koo likapona, sauti ikabaki hukohuko hospitalini.

Kilichomsalimikia ni msonyo. Msonyo hauhitaji koo, unahitaji meno na dharau, na vyote viwili bado anavyo. Aliingia, akaitazama meza yangu ilivyojaa, akasonya.

"Karibu, Fundi," nikamwambia. "Naona umepona."

Swabra akaifungua leso. Laptop niliijua. Ilikuwa ya Fundi, nzito kama jiwe la kusagia, betri ilishakufa zamani, inaishi kwa waya tu.

"Shangazi, haiwaki," alisema. "Inalia tik, tik, halafu inaleta kioo cha buluu. Na mna hadithi humo."

Hizo hadithi ndizo shida yenyewe, kwa hivyo niwaeleze. Daktari alipomwambia Fundi kwamba sauti itaondoka, hakusema neno kwa mtu. Alichofanya, kila saa ya chakula cha mchana alikuwa akijifungia nyuma ya kibanda, nyuma ya lile pazia letu la kuzuia vumbi, na laptop hiyo na maikrofoni ya kichwani, akimrekodia Rukia hadithi. Sungura, Fisi, majini ya visimani, vitu vya kwao. Alinikataza kusikiliza. Niliposogea alikuwa anakohoa kama askari. Baada ya upasuaji akawa anamfungulia Rukia hadithi moja moja, jioni moja moja, kama mtu anayetoa peremende mfukoni. Nyingine Rukia hajazisikia mpaka leo. Na zote, mwana huyu wa Adamu, aliyetukemea sisi sote maisha yake yote kwamba kitu kisicho na nakala mbili si chako, alikuwa nazo mahali pamoja tu. Mganga hajigangi. Aliona haya kunipa nakala, eti nitacheka.

Ningecheka kweli. Lakini ningezihifadhi.

"Tangu iharibike hata simu yake haandiki," Swabra akaniambia kwa sauti ya chini, ingawa Fundi alikuwa hapo hapo na masikio yake ni mazima. "Zamani alikuwa akimwandikia Rukia ujumbe, akimfanyia vituko. Sasa anakaa tu. Rukia akimsogelea anageuka ukutani."

Rukia alikuwa akikihesabu kichujio changu matundu. Nikajua anasikia.

Kabla ya kuniletea, Swabra alikuwa ameipeleka kwa kijana mmoja katikati ya mji, kwenye yale maduka ya ghorofani ambako kila hatua kuna mtu anakuuliza unataka nini. Yule kijana aliiwasha mara moja, akaona buluu, akatabasamu. "Hiyo ni kitu ndogo, madam. Windows imeharibika. Naifomati saa hii, naweka ingine fresh. Enda ukunywe chai, ukirudi utapata iko fiti."

Swabra alikuwa ameshashika ngazi kwenda kunywa chai. Akasimama ghafla.

"Shangazi, nilijua kuna kitu kimekosekana. Hakuniuliza. Nimekulia kibandani kwenu, sijaona mashine inafunguliwa kabla hamjauliza lile swali. Nikarudi nikamnyang'anya kabla hajaifuta yote."

Swali lenyewe ni hili. Fundi Salim alikuwa na kawaida: mteja akileta kompyuta, hata kama imemwagikiwa na uji, hata kama inatoa moshi, kwanza anaulizwa, "Humo ndani mna nini ambacho kikipotea utalia?" Si ina tatizo gani. Tatizo tutaliona wenyewe. Watu walikuwa wanashtuka. Bwana mwenye suti anakuja na laptop ya ofisi, anadhani atasema ripoti. Anafikiria, kisha anasema kuna picha ya mbwa. Basi tunaanza na mbwa. Mama wa saluni ya Kenyatta Market alisema, "Hakuna, futa yote," halafu akafika mlangoni, akarudi mbio na rollers kichwani: "Ngojeni! Video ya mtoto akijifunza kutembea!"

Mimi siku zangu za kwanza nililiona swali hilo ni la kupoteza wakati. Nilikuwa nikiruka. Fundi alikuwa akipaza sauti kutoka nyuma ya pazia, na sauti yake ilikuwa inavuka barabara: "Mama Mutheu! Umemuuliza?" Na mimi, mandazi mdomoni, "Namuulizaaa!"

Kwa hivyo asubuhi ile Kangemi nilivuta kiti, nikakaa mbele yake. Nilijua jibu. Sote tulilijua. Lakini kawaida ni kawaida, fundi ndiye anayeuliza na mwenye mashine ndiye anayejibu.

"Fundi," nikasema, "humo ndani mna nini ambacho kikipotea utalia?"

Akasonya.

"Hilo si jibu. Ungemkubalia mteja?"

Akatoa simu mfukoni. Akaandika: *Hamna. Fomati.* Akanionyesha.

"Uongo," nikamwambia. "Umezeeka vibaya."

Akairudisha simu kwake. Akaandika kitu kirefu, akakifuta. Akaandika tena, akafuta. Swabra alikuwa anatazama dari. Mwisho akaigeuza ile simu, na kwenye kioo mlikuwa na neno moja tu.

*Mimi.*

Nikasimama kuweka chai motoni. Mtu wa umri wangu akisimama ghafla hivyo mjue ana sababu.

Sasa, hapo nilipotoa kile kiondo msumarini, nyinyi mngetaka kujua nimetoa nini hasa. Diski ya uokoaji inatengenezwa siku ya amani. Usiitengeneze mgonjwa akiwa mezani.

Chukua diski ya nje yenye nafasi kubwa kuliko mgonjwa yeyote unayemtarajia. Hakikisha haina kitu chako, maana itafutwa yote. Kuna programu za bure ambazo zinaipanga: zinaweka sehemu ndogo ya kuwashia, ambayo huigusi, na sehemu kubwa ambayo unamwagia mifumo, ndiyo vile vichwa vya kuazima, kama unavyonakili nyimbo. Kila mfumo ni faili moja. Ukiwasha kompyuta kupitia diski hiyo, faili zote zinajipanga kwenye menyu. Siku zetu za kwanza kila mfumo ulitaka CD yake. Fundi alikuwa na CD nyingi akizibeba kwenye kasha la biskuti, na ukihitaji ya kupima kumbukumbu utaipata ina mikwaruzo. Nyinyi mmezaliwa kwenye neema.

Kabla programu haijaanza kufuta, itakuuliza diski ipi. Hapa ndipo watu wazima wanapolia. Chomoa kila kitu kingine. Angalia ukubwa, usiangalie jina. Mimi niliwahi kuwa na diski mbili nyeusi mezani, sare kama mapacha, moja yetu na moja ya kwaya, na kidole changu kilishafika kwenye "ndiyo" nilipoona mshonaji wa jirani anaitazama diski yetu iliyokuwa mkononi mwake, anauliza kama anaweza kuzuilia mlango nayo. Nikasimamisha kidole: iliyochomekwa ilikuwa ya kwaya. Fundi hakunigombeza. Alinyofoa uzi mwekundu kwenye kiondo changu, akafunga ncha moja kwenye diski yetu na ncha nyingine kwenye mkono wangu, nikashinda hivyo mpaka jioni kama mbuzi wa idi. Wateja wanaingia, "Mama, mbona umefungwa?" Naye anawajibu, "Amenunuliwa, tunangoja mwenyewe." Tangu hapo diski yangu ina uzi. Mkono unaijua kabla ya macho.

Acha pia sehemu tupu ya kuokolea, mbali na ile ya mifumo. Usiipange kwa ule mtindo wa kizamani wa FAT32, kwa sababu faili kubwa haitaingia na utagundua hilo ukiwa umeshamwambia mteja atulie. Weka mfumo mmoja wa mashine kuukuu. Nairobi hii bado ina kompyuta ambazo zilikuwa zinatumika kabla hamjazaliwa, na zinaandika barua za chifu vizuri tu. Jaribu diski yako kwenye mashine ya zamani na kwenye mpya. Ile mpya inaweza kuikataa kwa sababu ya ulinzi wake wa kuwashia. Usikimbilie kuuzima ulinzi huo kabla hujamuuliza mwenyewe kama ana ule ufunguo mrefu wa kufungulia diski yake, maana mashine nyingine ukizigusa hapo zinajifunga na kukudai ufunguo kama mlinzi wa geti. Na ukimaliza kazi, iage diski kwanza kwenye mashine, ubonyeze pale pa kuitoa salama, kisha uichomoe. Hata mgeni mwenye adabu haondoki bila kwaheri.

Majina. Menyu inajipanga kwa namba, kwa hivyo mimi huanza majina na namba. Ya kwanza ni ANGALIA. Ya pili ni NAKILI. Zinafuata nyingine. Kile kifaa cha kuweka Windows upya, ambacho vijana wanakiweka juu kabisa ili kiwe karibu, mimi nimekiweka chini ya vyote, na jina lake ni 99-KAMA-HAKUNA-ATAKAYELIA.

Basi. Nikaichomeka kwenye laptop ya Fundi. Nikawasha huku nikibonyeza kitufe cha menyu. Hakuna. Tik, tik, buluu. Fundi akasonya, akaninyooshea kidole tundu la upande wa pili. Alikuwa sawa: tundu nililotumia lilikuwa limechoka, halina nguvu ya kuizungusha diski yangu. Nikahamisha. Menyu ikatoka, namba zote, juu mpaka chini. Fundi akainama kusoma, na alipofika tisini na tisa mabega yake yakatikisika. Alikuwa hajawahi kuiona. Nilibandika jina hilo baada ya yeye kuondoka kibandani.

"Anacheka?" Rukia akauliza.

"Anacheka," nikasema. "Ukitaka kujua kama babu anacheka, angalia mabega."

Nilichagua mfumo wa kunakili. Ile tik-tik ilikuwa diski ya ndani inakata roho. Diski ya namna hiyo usiitengeneze, usiiombe ijichunguze, na tafadhali usiiweke kwenye friji. Najua mmesikia hiyo ya friji. Hata mimi niliisikia, nikaiweka moja kando ya sukuma wiki, na kilichopona ni sukuma wiki. Diski inayokufa unainakili nzima, kama ilivyo, bila kuandika chochote juu yake. Kuna kifaa kinachokwenda kwa upole: kinachukua kwanza panaposomeka, kinaruka palipooza, halafu kinarudi kubembeleza palipooza mwishoni. Mtaniuliza kwa nini sikuifungua laptop nikaitoa diski yake. Skrubu zake ni ndogo, na mikono yangu siku hizi ina tetemeko; mgonjwa mahututi habebwi na mtu anayetetemeka.

Kifaa hicho kinaandika pia ramani ya mahali kilipofika. Kinakuuliza ramani ikae wapi. Na hapa niwaambie aibu nyingine, ya ujana. Mfumo wa kuazima hauna kabati lake. Unaishi kwenye kumbukumbu ya muda, na ukizima umeme, umesahau kila kitu pamoja na wewe. Ila unapouwasha unakuonyesha meza nzuri, desktop, yenye picha ya milima, na folda, unadhani umefika nyumbani. Mwaka wangu wa kwanza nilinakili picha zote za arusi ya watu kwenye meza hiyo. Nikazima. Nikajipigia makofi. Nikaanza kuifikia diski yao niifomati, Fundi akauliza kutoka nyuma ya pazia, "Umeziweka wapi?" Nikasema, "Kwa desktop." Pazia likafunguka polepole.

"Desktop ya nani, mama?"

Kwa bahati picha bado zilikuwa kwenye diski ya arusi. Nikarudia kazi yote, na kila nikikaa sawa ananiuliza, "Desktop ya nani?" Aliuliza mpaka watoto wa hao maarusi wakaanza shule.

Siku ya laptop yake, nilipofika kwenye ramani, nilisema kwa sauti ili asikie: "Kwenye diski yenye uzi, Fundi. Si mezani." Akafumba macho, akaitikia kwa kichwa.

Tukangoja. Kunakili kunachukua muda wake na huwezi kukuhimiza. Tulikunywa chai. Swabra alinisaidia kuchambua maharagwe. Rukia alitaka kujua ule mstari unaosogea kwenye kioo ni nini, nikamwambia kompyuta inavuka mto kwa mawe, inakanyaga jiwe hili, inaruka lile bovu.

"Na akianguka?"

"Haanguki. Anarudi nyuma."

"Na hadithi ikiwa kwenye jiwe bovu?"

Fundi alikuwa ameketi mkabala, mikono magotini, haondoi jicho kwenye mstari. Rukia alimsogelea akamwegemea pajani. Hakugeuka ukutani, lakini hakumshika pia.

Kisha stima ikapotea.

Mnajua sauti ile ya ploti nzima ikiguna kwa pamoja? "Aaaai!" Kutoka ghorofa ya chini mpaka juu. Laptop isiyo na betri ikafa papo hapo. Diski yake ya ndani ikatoa tik moja ndefu, ikanyamaza.

Swabra akaweka maharagwe chini. "Shangazi, imeisha?"

"Haijaisha."

"Tuanze upya?"

"Ikianza upya haitafika," nikamwambia, kwa sababu hakukuwa na haja ya kumficha. Diski kama ile ina pumzi chache zilizobaki. Kila kuwaka ni pumzi moja. Kama ramani imesalimika, tutaendelea tulipoachia. Kama haikusalimika, tutaitumia pumzi ya mwisho kuvuka mto tuliokwisha kuuvuka.

Fundi akatoa simu. Nikadhani atanikemea. Aliandika, *Desktop ya nani?* Akanionyesha, mabega hayatikisiki hata kidogo. Alikuwa anaogopa, na hilo ndilo neno alilokuwa nalo karibu.

"Si yangu," nikamjibu.

Tulikaa hivyo, wanne, na chai iliyopoa. Fundi aliushika ule uzi mwekundu uliokuwa ukining'inia kwenye diski, akawa anauviringisha kidoleni, anaufungua, anauviringisha tena.

Stima ilirudi na kelele zake, redio za watu zikalipuka zote. Nikawasha. Tik. Tik. Nikabonyeza menyu. Ile diski ya ndani ilinguruma kama mzee anayeinuka kwenye mkeka, ikasimama, ikainuka tena. Nikakifungua kifaa, nikakielekeza kwenye ramani. Mstari ukajichora wenyewe, wote, mpaka pale pale ulipokatikia. Na kutoka hapo ukaanza kusogea.

Swabra alilia hapo. Nikampa kitunguu akate, apate kisingizio.

Mchana ulipokuwa unaelekea kupoa kifaa kikasema kimefika. Mawe mengi yalisomeka, machache yalikataa. Nikaifungua ile nakala kwa namna ya kusoma tu bila kuandika, nikaitafuta folda. Ilikuwa imefichwa ndani ya folda nyingine iliyoitwa "Risiti za kodi," Fundi akijua wazi kuwa mimi sitafungua hiyo katika maisha yangu. Zilikuwemo. Nikazinakili mara mbili kwanza, moja kwenye diski yangu na moja kwenye flashi ya Swabra, kabla sijamgusia mtu kucheza. Subira hiyo nayo mjifunze.

"Mchagulie ambayo hajaisikia," nikamwambia Fundi. Akanyoosha kidole.

Zile spika ndogo zikakwaruza. Kelele za Ngara zikaingia jikoni mwangu: honi, mtu anauza soksi, cherehani ya jirani. Kisha sauti.

"Paukwa!"

Mimi na Swabra tulikuwa tunamtazama Fundi, na Fundi alikuwa anaitazama ile spika kama mtu aliyekutana na ndugu yake stendi. Sauti ile kwenye mashine ikangoja. Alikuwa ameacha nafasi ya kujibiwa.

"Pakawa!" Rukia akasema.

Hadithi ikaenda. Fisi amealikwa arusini kwa Sungura, ameambiwa asiguse chungu kilichofunikwa. Fisi anakizunguka. Fisi anajikuna. Halafu ghafla, katikati ya Fisi, ile sauti ikaacha utamu wote ikapaa: "Mama Mutheu! Umemuuliza?"

Na kwa mbali, sauti ya mwanamke mwenye mandazi mdomoni: "Namuulizaaa!"

"Muulize kwanza atalilia nini!... Basi, Rukia mwanangu, tuendelee."

Sote tulicheka, na mabega ya Fundi yalitikisika mpaka kofia ikakaa upande. Kama nilikuwa nacheka au nafanya lingine, vitunguu vilikuwa mezani, msiniulize.

Fisi akashindwa kujizuia. Akashika kifuniko. Akakifunua polepole, akachungulia ndani, akaona...

Kimya.

Hakuna honi, hakuna cherehani, hakuna kitu. Lile ndilo lilikuwa jiwe bovu. Mstari ulikuwa unasogea lakini chini yake hamkuwa na sauti. Kisha sauti ikarudi kwa mbali, imeshavuka: "...na ndiyo maana mpaka leo Fisi akipita arusini anatembea ameinama." Hadithi imekwisha.

Rukia alitutazama mmoja mmoja. "Aliona nini?"

Swabra hakujua. Mimi nilikuwa upande wa pili wa pazia na mandazi yangu. Ulimwengu mzima ulikuwa na mtu mmoja anayejua kilichokuwa ndani ya kile chungu.

"Babu," Rukia akamshika skafu, "aliona nini?"

Fundi akatoa simu. Akaitazama. Akairudisha mfukoni. Akainuka, akaenda kwenye jiko langu, akachukua sufuria ya maharagwe na kifuniko chake, akaiweka sakafuni katikati. Akavua kofia, akampa Swabra. Kisha mzee yule, mwenye skafu yake na heshima yake yote, akakunja mgongo, akaanza kuizunguka sufuria. Akajikuna. Akanusa. Akafunua kifuniko kidogo, akachungulia, akaruka nyuma na macho yamemtoka, akamnyooshea Rukia kidole, akajipapasa pua, akarudi kuchungulia tena.

"Ni nyuki!" Rukia akapiga kelele. "Hapana, ni moto! Ni... ni Sungura mwenyewe! Amejificha ndani!"

Fundi akasonya msonyo mmoja mrefu, mtamu, wa Fisi aliyefedheheka mbele ya maarusi. Rukia akaanguka kwa kicheko hapo sakafuni, na babu yake akamwinua.

Niwaambie tulipofikia sasa, kisha mkafanye kazi zenu. Hadithi zote ziko salama, mahali zaidi ya pamoja, na Fundi anazifungua moja moja kama alivyotaka. Zenye pengo ni chache. Swabra aliniuliza kama siku moja naweza kujaribu tena kuyajaza mapengo hayo, kwa sababu ile nakala nzima ya diski bado ninayo kwenye kiondo, na vifaa vinaboreka kila siku. Nikamwambia naweza kujaribu.

Jumapili iliyofuata akanipigia simu. Kumbe si yeye aliyetaka kuongea. Nilisikia pumzi za mtoto, kisha sauti isiyo na meno ya mbele.

"Nyanya Mutheu, usitengeneze pale penye kimya. Pale ni pa babu."